Kiwiliwili, Jicho na Mboni: Istilahi za Kamera kwa Mnunuzi wa Nyanda za Juu Kusini

Mtu anayetaka kununua kamera ya daraja la kati mjini Mbeya au Iringa hukabiliwa na mambo mawili kwa pamoja: bei na maneno. Bei huielewa mara moja. Maneno huyasoma, lakini aghalabu hayaelewi, kwa kuwa karatasi ya maelezo iliyomo sandukuni imeandikwa kwa Kiingereza na lugha nyingine za kigeni, na muuzaji naye huyarudia maneno hayohayo kwa matamshi ya Kiswahili bila ya kuyafafanua. Matokeo yake ni kwamba mwalimu au karani aliyejiwekea akiba kwa muda mrefu hununua kitu kisichomfaa, si kwa sababu fedha zake zilikuwa haba, bali kwa sababu neno alilolitumaini limempoteza njia.

Katika makala haya tunakusudia kueleza namna ya kuchagua na kuboresha kamera ya aina inayoandikwa kwa herufi DSLR, pamoja na lenzi zake, kwa mtu apigaye picha kwa kuipenda kazi hiyo na si kwa biashara. Papo hapo tutapendekeza istilahi zinazoweza kutumiwa na wafasiri, walimu na watumishi wa umma. Hoja yetu ni moja: istilahi inayotaja kazi ya kifaa humwongoza mnunuzi, na ile inayofuata tu umbo la neno la kigeni humgharimu.

Kamera akisi

Ndani ya kamera ya aina hii, nyuma ya lenzi, mmewekwa kioo kilichoinama kwa nyuzi 45. Mwanga uingiao kwa njia ya lenzi hukipiga kioo hicho, ukaakisiwa kwenda juu, ukapita katika prizimu na kulifikia jicho la mpigapicha kwenye kitazamio. Mpigapicha anapobonyeza kitufe, kioo huinuka, mlango mdogo ulio nyuma yake hufunguka kwa muda mfupi, na mwanga hukifikia kihisi ambacho huugeuza kuwa umeme na hatimaye kuwa tarakimu. Basi mtu huona kile kile ambacho lenzi inakiona. Kwa sababu hiyo jina linalofaa ni kamera akisi ya dijiti.

Hivi sasa makampuni makubwa yamehamishia nguvu zao kwenye kamera ambazo hazina kioo hicho. Wapo wanaoziita kamera zisizo na kioo. Jina hili lina hatari. Katika Kiswahili, kioo ni cha kujitazamia, ni cha dirisha, na siku hizi ni cha simu pia. Mnunuzi akiambiwa kwamba kamera haina kioo aweza kudhani kwamba haina mahali pa kutazamia picha zilizopigwa, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Tunapendekeza kile kioo cha ndani kiitwe kiakisi, na kamera za aina mpya ziitwe kamera zisizo na kiakisi. Yafaa msomaji ajue kwamba mabadiliko haya ya viwanda yana faida kwake: kamera akisi nyingi zilizo katika hali njema zinauzwa zikiwa zimetumika, na uwezo wake haukupungua kwa sababu tu kiwanda kimeanza kutengeneza kitu kingine.

Kiwiliwili na lenzi

Katika mazungumzo ya kila siku, neno kamera hujumuisha kila kitu. Hapo ndipo kosa la kwanza la mnunuzi linapozaliwa. Kamera akisi ni vitu viwili vinavyotengana: kiwiliwili, ambamo mna kiakisi, kilango, kihisi na betri; na lenzi, ambayo ni jicho. Mtu asemaye “nataka kamera bora zaidi” hupewa kiwiliwili kipya, ilhali upungufu alioulalamikia ulikuwa wa jicho. Neno bodi, lililozoeleka katika magari, lingeweza kutumika, lakini bodi ni pia baraza la wakurugenzi. Kiwiliwili ni neno letu, na linaonyesha wazi kwamba kuna kiungo kingine kinachoungana nacho.

Mahali vitu hivi viwili vinapoungana tutapaita kipachiko. Kila kampuni ina kipachiko chake: kile cha Nikon kiitwacho F kilianza mwaka 1959, na kile cha Canon kiitwacho EF kilianza mwaka 1987. Lenzi ya kampuni moja haiingii moja kwa moja katika kiwiliwili cha kampuni nyingine. Kwa hiyo anayenunua kiwiliwili cha kwanza anachagua ukoo atakaouolea lenzi zake kwa miaka mingi. Hata ndani ya ukoo mmoja kuna mipaka. Viwiliwili vya Nikon vya mfululizo wa D3000 na D5000 havina mota ya kusogeza fokasi ya lenzi za zamani, ilhali vya mfululizo wa D7000, kama D7200 ya mwaka 2015 na D7500 ya mwaka 2017, vinayo. Lenzi za Canon zenye alama EF-S zilitengenezwa kwa ajili ya viwiliwili vyenye kihisi kidogo, kama 80D ya mwaka 2016 na 90D ya mwaka 2019, wala hazipachikwi katika vile vyenye kihisi kikubwa. Mnunuzi asiyeuliza habari za kipachiko aweza kurudi nyumbani na jicho lisilo na mahali pa kukaa.

Megapikseli na ukubwa wa kihisi

Neno linalotangazwa kuliko yote ni megapikseli. Hili tulikubali kama lilivyo, kwani ni kipimo cha kimataifa: pikseli ni nukta moja ya picha, na megapikseli ni nukta milioni moja. Lakini maana yake yafaa ifundishwe vizuri. Picha ya megapikseli 24 ina nukta 6,000 kwa upana na 4,000 kwa kimo. Ya megapikseli 6 ina 3,000 kwa 2,000. Kwa hiyo idadi iliyozidi mara nne huongeza upana na kimo mara mbili tu. Kuchapa picha vizuri kwenye karatasi ya A4, kwa nukta 300 katika kila inchi, kunahitaji takriban megapikseli 8.7. Mtu anayechapa picha za ukubwa huo, au anayezitazama kwenye simu, hana sababu ya kuacha kiwiliwili cha megapikseli 24 ili afuate idadi kubwa zaidi.

Jambo lenye uzito zaidi ni ukubwa wa kihisi chenyewe. Kihisi kikubwa katika kamera za kawaida za aina hii kina milimita 36 kwa 24, sawa na picha moja ya filamu ya milimita 35. Kihisi cha kamera nyingi za daraja la kati kina takriban milimita 23.5 kwa 15.6, yaani eneo lake halifikii nusu ya lile la kwanza. Kihisi kikubwa hupokea mwanga mwingi zaidi. Lakini kamera yake na lenzi zake ni ghali na nzito. Wapo wanaokiita kihisi kikubwa fremu kamili. Jina hili humfanya mwenye kihisi kidogo ajione ana kitu pungufu, kana kwamba sehemu ya picha yake imekatwa na kutupwa. Kihisi cha 35 ni jina lisilomtisha wala kumdanganya mtu.

Urefu wa fokasi, na neno zumu

Wanafunzi wa fizikia wanajua kwamba urefu wa fokasi ni umbali kutoka katikati ya lenzi hadi mahali miale sambamba ya mwanga inapokutana. Katika kamera, urefu mdogo huonyesha mandhari pana, na urefu mkubwa huvuta kitu kilicho mbali. Mtu anayesimama Isimila, kiasi cha kilomita 20 kutoka Iringa mjini karibu na barabara ya Mbeya, akitaka kuziingiza katika picha moja zile nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, anahitaji milimita 18 au pungufu. Yule anayemtafuta tembo ng'ambo ya mto katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, takriban kilomita 130 magharibi ya mji huo, anahitaji milimita 300 au zaidi.

Sasa sikiliza watu wasemavyo: “Lenzi hii ina zumu kubwa.” Wanamaanisha kwamba inafika mbali. Lakini neno hilo katika asili yake halimaanishi kufika mbali. Lamaanisha lenzi ambayo urefu wake wa fokasi hubadilika. Lenzi ya milimita 18 hadi 55 ina zumu ya mara tatu, na bado haifiki mbali. Lenzi ya milimita 300 peke yake haina zumu kabisa, lakini humleta tembo karibu. Mnunuzi aliyesoma “mara tatu” akadhani kwamba ataona mara tatu ya jicho lake, atafika Ruaha na kupata picha ya tembo mdogo kama kisoda.

Katika hesabu tunalo neno kigeu kwa kitu kibadilikacho. Tunapendekeza lenzi ya urefu geu kwa ile inayobadilika, lenzi ya urefu mmoja kwa ile isiyobadilika, lenzi ya mbali kwa yenye urefu mkubwa, na lenzi pana kwa yenye urefu mdogo. Kwa istilahi hizi mtu aweza kusema pasipo utata: “Nataka lenzi ya mbali, yenye urefu geu wa milimita 70 hadi 300.”

Mboni

Ndani ya lenzi mna uwazi unaopanuka na kubana ili kuongeza au kupunguza mwanga. Wengine huuita tundu. Lakini tundu la ukuta halipanuki wala halibani; kitu kinachofanya hivyo kwa kufuata mwanga ni mboni ya jicho. Kwa kuwa vitabu vya shule vimezoea kuilinganisha kamera na jicho, neno mboni litaeleweka tangu siku ya kwanza.

Ukubwa wa mboni huandikwa f/1.8, f/2.8, f/5.6 na kadhalika, na hapa wanafunzi wengi hukwama: mbona tarakimu ndogo ina mboni kubwa? Jibu ni kwamba hiyo ni sehemu, kama nusu na robo. Herufi f husimama badala ya urefu wa fokasi. Lenzi ya milimita 50 yenye mboni ya f/1.8 ina uwazi wenye kipenyo cha takriban milimita 28. Ikibanwa hadi f/5.6, kipenyo ni takriban milimita 9. Kama vile sehemu moja ya nne ilivyo kubwa kuliko sehemu moja ya nane, ndivyo f/1.8 ilivyo kubwa kuliko f/5.6. Na kwa kuwa mwanga hufuata eneo la uwazi, ile ya kwanza hupitisha mwanga unaokaribia mara kumi ya ile ya pili.

Lenzi ambayo kwa kawaida huuzwa pamoja na kiwiliwili, ya milimita 18 hadi 55, ina mboni ya f/3.5 katika upana wake, na hupungua hadi f/5.6 katika urefu wake. Mchana wa jua hutosha. Ndani ya nyumba, kanisani, msikitini au msituni haitoshi.

Muda wa kilango

Ule mlango mdogo ulio mbele ya kihisi tutauita kilango. Kipimo chake, kama sehemu moja ya 60 au moja ya 500 ya sekunde, kimezoea kuitwa kasi ya kilango, kwa kufuata Kiingereza. Lakini kasi ni umbali kwa muda, na hapa hapana umbali unaopimwa: kinachopimwa ni muda ambao kilango kimekaa wazi. Muda wa kilango ni istilahi iliyo sahihi zaidi, na humwondolea mwalimu taabu ya kueleza kwa nini “kasi ndogo” huingiza mwanga mwingi. Muda mrefu, mwanga mwingi. Muda mfupi, mwanga kidogo.

Muda ukiwa mrefu, mkono ukitikisika picha huharibika. Kanuni ya zamani husema kwamba muda usizidi sehemu moja ya urefu wa fokasi: kwa milimita 200, moja ya 200 ya sekunde. Kwa kihisi kidogo heri iwe moja ya 300. Lenzi yenye kitulizo cha mtikisiko huusaidia mkono, lakini haimsimamishi ndege anayeruka.

Mwanga ukiwa bado haba, kamera huongezewa wepesi wa kihisi, unaoandikwa ISO 100, 400, 1600 na kuendelea. Gharama yake ni vidoadoa vinavyotawanyika katika picha. Kiingereza huviita kwa neno lenye maana ya kelele, na wapo wafasiri waliotafsiri hivyo hivyo. Lakini picha haipigi kelele. Mwananchi aliyewahi kutazama televisheni yenye mawimbi dhaifu husema kwamba picha ina chenga, kama mchele uliovunjika. Neno lipo, watu wanalitumia, na linafaa.

Mfano wa kipunji

Mwaka 2005 wanasayansi walitangaza katika jarida la Science aina mpya ya nyani mdogo wa milimani, aliyeonekana katika misitu ya Rungwe na Livingstone, Mbeya, na katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, Iringa. Maelezo ya kwanza ya mnyama huyo yalitegemea picha badala ya mzoga, jambo lililozua mjadala miongoni mwa wataalamu. Baada ya kupatikana mzoga mmoja uliokufa mtegoni, mwaka 2006 aliwekwa katika jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Jina lake la pili katika sayansi ni kipunji, neno la Kinyakyusa.

Mfano huu unatufundisha mambo mawili. Kwanza, picha yaweza kuwa ushahidi wa taifa zima, si pambo la ukutani tu. Pili, utaratibu tuliouzoea wa kutafuta neno kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na mwisho katika lugha za kigeni, si ndoto: wenyeji walikuwa na jina, na dunia ikalikubali.

Tumfikirie basi mwalimu wa Tukuyu anayetamani kumpiga picha mnyama huyo juu ya mti, katika kivuli na ukungu. Ana lenzi ya mbali yenye mboni ya f/5.6, na kamera inampa muda wa moja ya 30 ya sekunde. Picha itaharibika. Akinunua kiwiliwili kipya cha megapikseli nyingi, mboni itabaki ileile na msitu utabaki na giza lilelile. Akiazima lenzi yenye mboni ya f/2.8, mwanga utazidi mara nne, na muda utafupika hadi moja ya 120. Akiongeza wepesi kutoka ISO 800 hadi 1600, atafika moja ya 240, na chenga kidogo atazivumilia.

Kuboresha ni nini?

Neno kuboresha lina sharti ndani yake: lazima kitu kiwe bora kuliko kilivyokuwa. Kubadilisha si kuboresha. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, mwenye kamera ajiulize picha zake zinaharibika kwa nini. Kama zina giza na chenga, atafute mboni kubwa. Lenzi ya urefu mmoja ya milimita 50 yenye f/1.8 ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kuliko zote. Kama vitu vi mbali mno, atafute lenzi ya mbali. Kama anapenda maua ya Kitulo, hifadhi iliyotangazwa mwaka 2005 na inayochanua wakati wa mvua, atafute lenzi ya karibu sana. Na picha yake itakuwa na thamani ya pekee mahali ambapo viazi vya okidi vimechimbwa kwa wingi na kupelekwa Zambia kutengenezewa chikanda. Kama picha zinatikisika jioni, stendi imara ya miguu mitatu yaweza kumtosha. Kiwiliwili kije mwisho, pale ambapo fokasi ya otomatiki inachelewa au kihisi kimeshindwa kwa kweli.

Anayenunua kitu kilichotumika achunguze mambo matatu. Amulike lenzi kwa tochi na kutazama kama ina kuvu, ugonjwa wa lenzi zinazohifadhiwa katika unyevu kama ule wa Rungwe. Atazame kama mabati membamba ya mboni yana mafuta. Aulize hesabu ya kilango, yaani idadi ya picha zilizokwisha kupigwa. Viwanda huvipima vilango vya daraja hili kwa mara 100,000 hadi 150,000.

Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Kamera akisi: kamera ambayo kiakisi chake huuelekeza mwanga wa lenzi kwenye kitazamio.
Kiakisi: kioo cha ndani kinachoinuka picha inapopigwa.
Kiwiliwili: kamera bila ya lenzi.
Kipachiko: mahali lenzi inapoungana na kiwiliwili.
Kihisi: bamba linalopokea mwanga na kuugeuza umeme.
Kihisi cha 35: kihisi cha milimita 36 kwa 24.
Lenzi ya urefu geu: lenzi ambayo urefu wake wa fokasi hubadilika.
Mboni: uwazi wa lenzi unaopanuka na kubana.
Muda wa kilango: muda ambao kihisi kinapokea mwanga.
Wepesi wa kihisi: kiasi ambacho kamera huukuza mwanga uliopokewa.
Chenga: vidoadoa vya picha iliyopigwa katika mwanga haba.

Istilahi hizi hazitakuwa sanifu kwa kuandikwa hapa tu. Zinahitaji kujaribiwa darasani, dukani na katika tafsiri za karatasi za maelezo. Endapo mnunuzi wa Mafinga au Mbalizi ataweza kumwambia muuzaji kwamba anataka mboni kubwa na si megapikseli, naye muuzaji akamwelewa, basi neno litakuwa limefanya kazi yake, na akiba ya mtu huyo itakuwa imesalimika.